Heshi ya jina na tarehe ya kuzaliwa: je, inatosha kumtambua mgonjwa katika utafiti mkubwa?

Swali: Mimi ni msimamizi wa data katika utafiti wa muda mrefu wa shinikizo la damu na magonjwa ya figo. Vituo tisa vinachangia. Rekodi zimefika 400,000 na hatujui ni za watu wangapi hasa. Tunakisia 180,000, kwa kuwa mgonjwa mmoja hutibiwa vituo viwili au vitatu. Hakuna namba moja inayotumika katika vituo vyote. Mtaalamu wetu wa kompyuta anapendekeza kila kituo kichukue jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, kizipitishe kwenye SHA-256, aina mojawapo ya heshi, kisha kitutumie matokeo tu. Zikilingana, ni mtu mmoja, na sisi hatutaliona jina la mtu yeyote. Tumeshatuma faili la majaribio la namna hiyo kwa chuo tunachoshirikiana nacho. Je, inatosha? Na kazi ikiisha, vituo viifute orodha ya majina?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu, na ubaya wake ni wa pande mbili: mpango huo utawakatakata wagonjwa wenu vipande, mtu mmoja akahesabiwa watatu, na bado hautayaficha majina yao. Simlaumu mtaalamu wenu. Pendekezo hili humjia kwanza kila anayezijua kompyuta kuliko anavyowajua makarani wa mapokezi. Mimi mwenyewe niliwahi kuliandika kwenye andiko la mradi, miaka mingi iliyopita, kabla sijapata adabu.

Heshi ni hesabu inayosaga. Unaiingizia maandishi yoyote, inakutolea msururu wa herufi na tarakimu 64, na hakuna njia ya kuurudisha msururu ule kuwa maandishi. Ukibadilisha herufi moja, msururu wote unageuka, hausalii hata na sura ya ule wa mwanzo. Kwa anayetaka kujua kama faili lake limechezewa, hiyo ni neema. Kwa anayetafuta watu ni balaa, kwa sababu majina ya watu hayatulii. Kituo cha kwanza kimeandika Mohamed, cha pili Mohammed, cha tatu Muhamadi. Karani huyu kaanza na jina la baba, yule kaliacha jina la babu. Tarehe 3 mwezi wa 7 imegeuka kuwa tarehe 7 mwezi wa 3. Kati ya majina mawili kuna nafasi mbili badala ya moja, kitu ambacho jicho halikioni kabisa. Mbele ya heshi, hao wote ni watu tofauti, na tofauti yao ni ileile kama ya watu wasiojuana. Heshi haijui kukaribiana.

Sasa upande wa siri. Ni kweli heshi hairudi nyuma, lakini mwizi hana haja ya kuirudisha. Anabahatisha kwenda mbele. Tarehe zote za miaka 100 ni 36,525. Zidisha kwa jinsia mbili, kisha kwa majina 10,000 ya kwanza na majina 10,000 ya ukoo, unapata michanganyiko kama trilioni 7.3. Ni mingi mpaka ukumbuke kwamba kadi moja nzuri ya picha, ile ya wapenzi wa michezo ya kompyuta, hupiga zaidi ya heshi bilioni moja za namna hii kwa sekunde. Hata kwa kasi ya bilioni moja tu, michanganyiko yote inakwisha kwa muda wa saa mbili hivi. Anaiweka orodha yake kando ya yenu, na palipolingana ameshapata jina. Dawa ya hapa inajulikana: heshi yenye ufunguo, ambapo vituo vyote vinachanganya neno refu la siri ambalo ninyi watafiti hamlijui. Asiye na ufunguo hana pa kuanzia kubahatisha. Lakini ufunguo unatibu ugonjwa wa pili tu. Ule wa kwanza uko palepale.

Ugonjwa ule wa kwanza umesumbua watu kabla ya kompyuta kuingia hospitalini. Mwaka 1946 Halbert Dunn, aliyekuwa akiongoza takwimu za vizazi na vifo nchini Marekani, alimfananisha kila mtu na kitabu: ukurasa wa kwanza ni kuzaliwa, wa mwisho ni kufa, na kuunganisha rekodi ni kuzijalidi kurasa hizo ziwe kitabu kimoja. Alichokiacha bila jibu ni la kufanya pale kurasa zilipotawanyika na majina yakakosewa. Hilo alilishika Howard Newcombe, mtaalamu wa jenetiki wa Kanada, ambaye mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha njia ya kuunganisha kwa kompyuta rekodi za ndoa na za vizazi. Aliona kwamba kulingana hakufanani: watu wawili wakilingana kwa jina adimu, umepata jambo, wakilingana kwa jina la kila mtu, umepata kidogo sana. Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter, wa ofisi ya takwimu ya Kanada, waliliwekea wazo hilo msingi wa hisabati, na programu nyingi za kazi hii zinasimama juu ya msingi huo hadi leo.

Nitakuonyesha hesabu yenyewe, kwa sababu ukiielewa utaweza kubishana na mtaalamu wenu bila kunitaja.

Kwa kila kipengele unajiuliza maswali mawili. Kama rekodi hizi mbili kweli ni za mtu mmoja, kipengele hiki kitalingana mara ngapi? Na kama ni za watu wawili, kitalingana kwa bahati mara ngapi? Chukua mwezi wa kuzaliwa. Kwa mtu mmoja, tuseme unalingana mara 95 kati ya 100. Zile 5 ni makosa ya kuandika. Kwa watu tofauti unalingana mara moja kati ya 12. Gawa la kwanza kwa la pili unapata 11.4. Watu wa fani huchukua logarithimu ya kizio cha 2, ili badala ya kuzidisha wawe wanajumlisha, na hapo mwezi unapata uzito wa 3.5. Jinsia nayo, tuseme hulingana mara 98 kati ya 100 kwa mtu mmoja, na nusu kwa nusu kwa watu tofauti. Ikilingana inakupa uzito wa 1, karibu na bure. Ikipingana inakunyang'anya 4.6. Kwa maneno mengine, jinsia haiwezi kumthibitisha mtu, ila inaweza kumkana.

Uzito kiasi gani basi unatosha? Hapa wengi hujikwaa, maana wanaangalia jozi moja ya rekodi na kusahau bahari ilikotoka. Rekodi 400,000 zinatoa jozi karibu bilioni 80. Tuseme jozi za kweli ni 300,000. Kila jozi ya kweli imefukiwa chini ya jozi 267,000 za uongo, na kwa lugha ya uzito hiyo ni sawa na kuanza kazi ukiwa na deni la 18. Lipa deni kwanza ndipo uanze kuamini. Mwaka wa kuzaliwa, kwa wagonjwa waliotawanyika katika umri wa miaka 60, unalipa 5.8. Mwezi 3.5. Siku 4.8. Jinsia 1. Jumla ni 15, na deni halijaisha! Ukichukua jozi zote zilizolingana kwa tarehe kamili na jinsia, za uongo zitazizidi za kweli mara saba hivi. Ile imani kwamba tarehe kamili ya kuzaliwa ni kitambulisho nusu inafia hapa.

Ongeza jina. Kama jina linabebwa na mtu mmoja kati ya 50, kulingana kwake kunaleta 5.5, na jumla inafika 20.6: jozi sita za kweli kwa moja ya uongo, bado si pa kulala usingizi. Kama ni jina la mtu mmoja kati ya 10,000, linaleta 13, na mashaka yamekwisha. Kwa hiyo mashine inayompa kila jina uzito uleule inawaunganisha ovyo wenye majina ya kawaida na kuwaonea wenye majina adimu. Na usisahau kwamba kujumlisha huku kunachukulia kila kipengele kinajitegemea, jambo lisilo kweli kabisa: jina Mohamed limeshakuambia jinsia, kwa hiyo ile 1 ya jinsia umeihesabu mara mbili.

Namba za makosa nilizozitumia ni za mfano. Zenu zitakadiriwa na programu kutokana na data yenu, na hamna haja ya kuiandika wenyewe. Splink, iliyotengenezwa na Wizara ya Sheria ya Uingereza, ni huria na bure, na inafanya hesabu hii hasa. Pia haitalinganisha jozi zote bilioni 80. Mnazigawa rekodi kwa mafungu, kwa mfano mwaka wa kuzaliwa pamoja na herufi za mwanzo za jina, na kulinganisha ndani ya fungu tu. Fanyeni awamu kadhaa zenye mafungu tofauti, la sivyo aliyekosewa mwaka wa kuzaliwa hatakutana na mwenzake milele.

Kuna mitego miwili ambayo hakuna programu itakayokuambia.

Wa kwanza ni tarehe 1 Januari. Mgonjwa asiyeijua siku yake ya kuzaliwa huandikiwa 1 Januari, au 1 Julai, au tarehe 15 ya mwezi, kutegemea desturi ya kituo. Chora grafu ya siku za kuzaliwa kabla ya jambo lolote. Ukiona mnara siku moja, siku hiyo si ushahidi. Ishushe uzito au ihesabu kama haijajazwa.

Wa pili ni mapacha, na hawa wamenitesa kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Mapacha wa jinsia moja wana tarehe moja, ukoo mmoja, mama mmoja, makazi mamoja na mara nyingi namba moja ya simu, ile ya mzazi. Wazazi nao hupenda kuwapa majina yanayoitikiana. Kwa hesabu ya uzito, pacha na pacha wanaweza kupata alama nyingi kuliko mtu na nafsi yake aliyeandikwa na makarani wawili wazembe. Katika mradi mmoja tulimkuta mgonjwa aliyelazwa siku moja katika hospitali mbili zilizo mbali na kila mmoja. Tukasema ni kosa la tarehe, tukarekebisha tarehe. Miezi kadhaa baadaye muuguzi mmoja, akiwa hata hakuulizwa, akataja kwamba wale ndugu wawili wamefanana mpaka sauti. Tulikuwa tumefuta ushahidi pekee uliokuwa ukitupigia kelele. Nyinyi mnafuatilia figo, na ndugu wa damu hushiriki magonjwa mengi ya figo, kwa hiyo msitegemee kwamba majibu ya maabara yatawatenganisha. Wekeni kanuni: kila jozi inayolingana kwa vyote isipokuwa jina la kwanza iende kwa binadamu, hata alama zake ziwe juu namna gani.

Tukirudi kwenye majina, uchaguzi wa kipimo cha ufanano una mambo yake. Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, hubakiza herufi ya kwanza na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Kwa Soundex, Othman ni O355 na Athumani ni A355. Zimelingana kwa yote isipokuwa herufi ambayo kipimo kinaitukuza. Vilevile inazitenga l na r, kwa hiyo aliyeandika Lehema kwa Rehema amempoteza mgonjwa. Jaro-Winkler, ambayo programu nyingi huiweka mbele, hutoa zawadi kwa majina yanayoanza sawa, hadi herufi nne. Ni busara kwa majina ya Kiingereza. Lakini mpe Mwanaisha, Mwanahawa na Mwanaidi: wote watatu wanapata zawadi nzima kwa ajili ya Mwan, ambayo haikuwatofautisha hata kidogo. Msikubali kipimo kwa sababu kimekuja na programu. Chukueni jozi 200 za majina yenu halisi, zipangeni wenyewe kwa macho, kisha mwone kipimo kipi kinakubaliana na nyinyi.

Sasa, mnalinganishaje majina yanayokaribiana bila watafiti kuyaona? Zipo njia mbili za kweli, na nina upande wangu.

Ya kwanza ni ya hesabu. Mwaka 2009 Rainer Schnell, Tobias Bachteler na Jörg Reiher, watafiti wa Ujerumani, walipendekeza kutumia chujio la Bloom, ambalo Burton Bloom alilibuni mwaka 1970 kwa kazi nyingine. Jina linakatwa vipande vya herufi mbilimbili, pamoja na nafasi tupu ya mwanzo na ya mwisho. Mohamed inatoa vipande 8, Mohammed inatoa 9, na vile 8 vyote vimo ndani ya 9. Kila kipande kinapitishwa kwenye heshi kadhaa zenye ufunguo, na kila heshi inawasha taa moja kwenye ubao wa, tuseme, taa 1,000. Jina sasa ni ubao wa taa. Majina yanayofanana yanawasha taa nyingi zilezile: kwa vipande vyenyewe, ufanano wa Mohamed na Mohammed ni 16 kwa 17, yaani 0.94, na mbao zao zitatoa namba iliyo karibu na hiyo. Kile ambacho SHA-256 tupu ilishindwa, hiki kinaweza.

Ila si ngome. Vipande vya kawaida vinawasha taa zilezile kwenye mbao nyingi, na anayejua mgawanyo wa majina katika jamii anaweza kuhesabu marudio na kuanza kuyafumbua. Mashambulizi ya aina hiyo yamechapishwa tangu mwaka 2011. Basi mbao hizo mzilinde kama mnavyolinda majina.

Njia ya pili ni ya utawala, na ndiyo ninayoipendelea pale sheria inaporuhusu. Western Australia ina mfumo wa namna hii tangu 1995, na wengi wamejifunza kwao. Kitengo kimoja, kilicho nje ya timu ya utafiti, kinapokea majina, tarehe na anwani, basi. Hakipati ugonjwa wala dawa. Kinaunganisha kwa majina halisi, kwa uwezo wote wa programu na macho ya binadamu, kisha kinatoa msimbo kwa kila rekodi. Vituo vinaambatisha msimbo huo kwenye data ya kitabibu, na hiyo ndiyo inayokuja kwenu. Anayejua jina hajui ugonjwa, anayejua ugonjwa hajui jina. Mainzelliste, programu huria iliyotoka hospitali ya chuo kikuu cha Mainz nchini Ujerumani, imejengwa kwa kazi ya kutunza utambulisho na kugawa misimbo. Kwa nini naipendelea? Kwa sababu mapacha, wanawake waliobadili jina kwa ndoa na watoto walioandikwa "mtoto wa fulani" huwezi kuwatatua kwa ubao wa taa. Lazima mtu aione rekodi.

Msimbo wenyewe uwe wa kubahatisha tupu, usizaliwe na tarehe wala jina, na uwe na tarakimu ya ukaguzi mwishoni. Namba ya mgonjwa ya NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ina tarakimu 10, na ya mwisho inakokotolewa kutoka zile tisa kwa kugawa kwa 11. Ukikosea tarakimu moja, au ukibadilishana mbili zilizo jirani, kompyuta inagundua papo hapo. Na kila utafiti upewe misimbo yake tofauti, ili mafaili mawili yasikutanishwe na mtu asiyeruhusiwa.

Tahadhari hapa, maana nimesikia watu wakisema "tumeondoa majina, kwa hiyo hatuna tena data binafsi." Mnamo miaka ya 1990 Latanya Sweeney alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa Cambridge, Massachusetts, akaioanisha na data ya hospitali "isiyo na majina" ya watumishi wa jimbo, akampata gavana William Weld. Alitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Ile ile tarehe niliyoibeza hapo juu kwamba haitoshi kuunganisha rekodi laki nne, ikipewa eneo dogo, inatosha kumvua mtu nguo. Kwa hiyo data inayokuja kwenu ije na umri kwa miaka, na eneo pana.

Nchi zenye namba moja ya mtu tangu kuzaliwa, Uswidi tangu 1947, Norwei tangu 1964, Denmark tangu 1968, zimeepuka sehemu kubwa ya taabu hii, na ndiyo sababu tafiti zao hufuatilia taifa zima kwa miongo. Hata huko kuna wageni na watoto wachanga wenye namba za muda. Msipokuwa na namba hiyo, kuna mbadala ambao watu wa kompyuta huusahau: mwulizeni mgonjwa. Huko Kisesa, Tanzania, watafiti walimkalisha karani na mgonjwa kliniki mbele ya programu inayoleta majina yanayokaribiana kutoka orodha ya sensa ya eneo, na mgonjwa mwenyewe akasaidia kusema yupi ni yeye, kwa kutaja hata anaoishi nao. Kwa wagonjwa wapya wa vituo vyenu, hilo mnaweza kulianza mwezi ujao.

Jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili ni hili linalofuata. Muunganisho wowote mtakaoufanya ni uamuzi, na uamuzi utakosewa. Kwa hiyo msiunganishe kwa kufuta. Rekodi A inafanana na B, B inafanana na C, mashine inawafanya wote watatu mtu mmoja, ingawa A na C hawana wanachofanana. Mnyororo wa namna hiyo hukua. Nimeona "mgonjwa" mmoja mwenye rekodi zaidi ya 60. Kama mlizichanganya rekodi zikawa moja, hakuna wa kuzichambua tena. Kama mliziacha kila moja kivyake na kuweka tu jedwali linalosema "hizi tunazihesabu mtu mmoja, kwa alama hizi, tangu tarehe hii, kwa uamuzi wa fulani", mnafumua kwa dakika. Jedwali hilo liwe na matoleo. Mchambuzi aandike toleo alilotumia, na mtu akitenganishwa kuwa wawili, waliochukua data ya zamani waarifiwe.

Makosa yenyewe hayana uzito sawa, wala hayawaangukii watu sawasawa. Jozi ya kweli isiyounganishwa inawafanya wagonjwa waonekane wengi na historia zao fupi. Mbaya zaidi ni rekodi ya kifo isiyompata mwenyewe: mgonjwa anabaki hai kwenye faili lenu, miaka inaongezeka, na dawa aliyokuwa akitumia inaonekana inarefusha maisha. Jozi ya uongo, kwa upande wake, inachanganya aliyetumia dawa na asiyetumia, na tofauti mnayoitafuta inafifia. Wanaokosewa zaidi ni wanaohama, wanaobadili majina, wasio na tarehe, wenye majina yaliyoandikwa na karani asiyeyajua, na mara nyingi ndio haohao wenye ugonjwa uliochelewa kutibiwa. Kosa likifuata ugonjwa, sampuli kubwa haikuokoi.

Pimeni, basi. Chukueni jozi elfu moja au mbili, nyingi zaidi kutoka ukanda wa alama za katikati, wakaguzi wawili waziamue bila kuona alama za mashine wala uamuzi wa mwenzake. Kisha tafuteni yasiyowezekana: waliohudhuria kliniki baada ya kufa, wanaume waliojifungua, waliolazwa mahali pawili siku moja. Msiyasahihishe, yahesabuni kwanza, ndiyo kipimo cha bure cha jozi za uongo. Halafu rudieni uchambuzi wenu mkuu mara tatu, kwa kizingiti (alama ya chini mnayoikubali kuwa ni mtu mmoja) kikali, cha kati na legevu. Jibu likigeuka kwa kubadilisha kizingiti, mmejua kwamba mlichokiona hakijathibitika. Mwongozo wa RECORD wa mwaka 2015, wa kuripoti tafiti zinazotumia data ya afya iliyokusanywa katika kazi za kila siku, unataka njia ya kuunganisha na ubora wake viripotiwe kwenye makala, kwa hiyo kazi hii haipotei.

Kuhusu kufuta orodha ya majina: msiifute mara tu kazi inapoisha. Mgonjwa akiondoa ridhaa yake mwaka wa tatu, mtampataje wa kumtoa? Maabara ikigundua kosa la kipimo linalohatarisha watu 40, nani atawapigia simu? Orodha ikae kwenye kitengo cha kuunganisha, na kila kituo kibaki na yake, hadi tarehe iliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa na kupitishwa na kamati ya maadili. Tarehe ikifika, kinachoharibiwa ni jedwali la misimbo na majina, mbele ya shahidi, na hapo ndipo pasiporudika.

Lile faili la majaribio nimelitaja mwisho ingawa ndilo la kushughulikiwa kwanza. Lichukulieni kama mmetuma orodha ya majina, maana ndivyo ilivyo. Waandikieni chuo hicho leo walifute pamoja na nakala za akiba, wawathibitishie kwa maandishi, na kamati yenu ya maadili iarifiwe nanyi wenyewe, si na mtu mwingine.